Andika Jina Lake

Hotuba hii niliitoa Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, Katwe, Kampala, mbele ya familia za Wakongo na majirani zao waliotaka kujua habari za kudhamini ndugu ili waungane nje ya nchi. Walioko kwenye makambi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka na Rwamwanja waliomba niiandike yote. Nimeiandika kama nilivyoisema.

Wazee wetu, akina baba, akina mama, yaya zangu na wadogo zangu, jambo! Aksanti kwa kuja. Najua Jumamosi ni siku ya biashara. Kuna mama hapa ameacha meza yake ya vitenge tangu asubuhi ili asikie haya. Mama, nimekuona. Sitakupotezea siku yako.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni mkalimani. Kwa miaka 11 nimekaa katikati ya watu wawili, mmoja anauliza kwa Kiingereza, mwingine anajibu kwa Kiswahili, na maneno yote yanapita kinywani mwangu. Sheria sikuisomea, wala simo ofisini kwa mtu anayetoa viza. Lakini nimesikia familia nyingi zikihesabiwa, jina kwa jina, na nimeona ni wapi hesabu inapoharibika.

Niwaulize. Nani hapa ana ndugu nje? Inueni mikono. Haya, karibu ukumbi mzima. Nani amewahi kuambiwa na ndugu huyo, "Tulieni, nawafanyia makaratasi"? Mikono ni ileile. Sasa, nani anajua makaratasi hayo ni yapi, na yanataka nini kutoka kwenu mlioko hapa?

Mmeona mikono ilivyoshuka? Ndiyo maana nimekuja.

Nitaanza na nyumba yangu, maana siwezi kuja kuwafundisha habari za nyumba zenu nikaificha ya kwangu.

Mwaka 2010 kaka yangu mkubwa alikuwa anakaa Nsambya, hapa Kampala, kesi yake ya kupokewa Kanada kama mkimbizi imeiva. Alikuwa na mke na watoto wawili. Alikuwa pia na mtoto wa kwanza, binti wa miaka minne, aliyebaki Uvira, kwetu Congo, na bibi yake siku tuliyokimbia. Hatukujua kama wako hai. Siku ya kujaza fomu, mtu mmoja kwenye foleni, mkimbizi mwenzetu, tena mtu mwema, alimnong'oneza: "Huyo usimtaje. Ukimtaja watasema asubiriwe, na kesi yenu italala. Nenda kwanza, ukifika utamwita."

Nenda kwanza, ukifika utamwita. Mangapi yamevunjwa na maneno hayo manne!

Kaka yangu aliacha mstari ule mtupu. Mwaka 2011 wakapanda ndege. Mwaka 2013 mfanyabiashara mmoja wa Uvira akatuletea habari kwamba bibi amefariki na mtoto yupo. Nilimpokea mimi kwenye stendi ya mabasi, usiku, miaka saba, amevaa sweta la mtu mzima lililokunjwa mikono mara tatu. Kaka aliposikia alilia kwenye simu, kisha akafanya alichoahidi: akajaza fomu za kumdhamini. Akalipa ada. Akasubiri zaidi ya mwaka mmoja.

Jibu likaja. Mtoto huyu hukumtaja, na hakupimwa wala kuhojiwa wakati wa kesi yako. Kwa hiyo kwa ajili ya udhamini si mtu wa familia yako.

Ndugu zangu, si mtu wa familia yako! Binti aliyetoka tumboni mwa mke wake wa kwanza, aliyepewa jina la mama yetu sisi. Kwa Kanada hiyo ni kanuni ya 117, kifungu cha 9(d), na wanaoshughulika na kesi hizi wanaitaja kwa namba kama sisi tunavyotaja mistari ya Biblia. Mtu wa familia ambaye hukumtaja, na hakuchunguzwa wakati unaomba ukaazi, hutaweza kumdhamini baadaye. Kanuni haikumuuliza kaka yangu kwa nini alinyamaza, wala kama kulikuwa na vita.

Binti alikaa kwangu miaka tisa. Nilimsomesha hapa hapa. Mwezi Septemba mwaka 2019 Kanada ilifungua mlango wa muda kwa watu kama kaka yangu, waliofika kama wakimbizi wakiwa wamemwacha mtoto au mwenzi bila kumtaja. Kaka akaomba tena, safari hii na kipimo cha DNA. Mwaka 2022 nikampeleka Entebbe, ana miaka 16. Tulipofika pale ambapo msindikizaji haruhusiwi kupita, alinishika mkono akaniuliza, "Shangazi, nikimwona nimwiteje?" Maana miaka yote ile alikuwa anamwita "yule wa kwenye simu".

Kwa hiyo nikisimama hapa nikasema andika jina lake, mjue ninasema nini. Mtoto aliyepotea, andika jina lake. Mtoto wa nje ya ndoa, andika jina lake. Mtoto usiyejua kama yu hai, andika jina lake, na useme wazi kwamba hujui aliko. Mke mliyeachana lakini hakuna karatasi ya talaka, sema. Huyo aliyeko Goma kwa bibi yake, andika. Wala msisubiri siku ya Kanada au Marekani. Anzeni na karatasi ya familia mliyonayo sasa, ile tunayoiita atestesheni, inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Mtoto akizaliwa, nenda aongezwe. Mtu akifariki, nenda useme. Aliyefika juzi kutoka Congo, mpeleke akaandikishwe. Karatasi hiyo ndiyo kumbukumbu ya kwanza, na kila ofisa atakayekuja baada ya hapo ataweka fomu yenu kando yake na kulinganisha.

Kuna mzee aliniuliza hapo nje: "Lakini nikimtaja, si kesi itachelewa kweli?" Mzee wangu, inaweza kuchelewa. Sitakudanganya. Lakini utaratibu wenyewe una nafasi ya mtu aliyebaki nyuma. Kanada, mkimbizi aliyetaja familia yake kabla ya kuondoka ana mwaka mmoja baada ya kufika wa kuwaombea mwenzi na watoto aliowaacha, nao wanashughulikiwa kama sehemu ya kesi yake. Marekani, aliyepokewa kama mkimbizi au aliyepewa hifadhi ana miaka miwili ya kupeleka fomu I-730 kwa ajili ya mume au mke na watoto wasio na ndoa walio chini ya miaka 21. Fomu hiyo haina ada. Haidai uthibitisho wa kipato. Ni bure kabisa! Na nimekutana na baba aliyekaa Marekani miaka mitatu akikusanya pesa ya fomu isiyolipiwa, mpaka muda ukapita.

Mkiongea na ndugu zenu leo jioni, waulizeni swali moja tu: ulifika tarehe ngapi? Halafu hesabuni wenyewe.

Sasa niwaambie jambo zito zaidi. Akina mama wenye watoto wadogo mnaweza kuwatoa nje kidogo wacheze, nitasubiri.

Aksanti.

Kuna familia niliyoitafsiria, baba yuko Marekani, amewaombea mke na watoto watatu. Ubalozi ukataka kipimo cha DNA. Mnajua kinavyofanyika: kijiti chenye pamba, kinasuguliwa ndani ya shavu, kinafungwa, kinapelekwa maabara. Hakiumi. Matokeo yakarudi: watoto wawili ni wa baba, mmoja, mvulana mkubwa, siye.

Mama hakushangaa. Baba kule Marekani hakushangaa. Mvulana yule alizaliwa baada ya mambo yaliyompata mama kule Kivu, mambo ambayo wengi wenu mnayajua bila mimi kuyataja. Baba alimuoa mama huyu mtoto ana miaka mitatu, akampa jina lake, akambeba mgongoni kuvuka mpaka wa Bunagana. Kwenye fomu akamwandika kama mtoto wake wa kuzaa. Nani hapa angefanya vingine?

Lakini kwa ofisa, fomu ilisema jambo moja na kipimo kikasema lingine. Kuanzia hapo hata lililokuwa kweli likawa na mashaka. Ndoa ikatiliwa shaka, tarehe zikatiliwa shaka, faili lote likarudi nyuma, na wale watoto wawili ambao kipimo kiliwakubali nao wakakaa.

Na hapa ndipo moyo wangu unapouma. Sheria ya Marekani inamtambua mtoto wa kambo! Ndoa ikiwa ilifungwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18, mtoto wa kambo anahesabiwa kuwa mtoto. Baba huyu alioa mtoto akiwa na miaka mitatu. Mlango ulikuwa wazi siku zote. Walipita dirishani kwa sababu hakuna aliyewaambia kuna mlango.

Niliongea na baba huyo kwa simu, mke wake ameishika katikati yetu. Nikamwuliza kwa nini hakuandika tu mtoto wa kambo. Akakaa kimya, nikadhani simu imekata. Kisha akasema, "Nilimwambia yeye ni wangu. Neno hilo nisingeweza kuliandika."

Nimelibeba jibu hilo mpaka leo, na siwezi kumlaumu. Lakini, baba zangu, mama zangu, fomu haisomwi mezani wakati wa chakula. Kwenye fomu andika kambo, nyumbani ni mwanao. Kwenye fomu andika mpwa, nyumbani ni binti yako. Mtoto wa dada yako aliyefariki, uliyemnyonyesha pamoja na wako, usimwandike kama uliyemzaa. Mwandike alivyo, kisha tafuta karatasi inayoonyesha kwamba malezi yake yako mikononi mwako: barua za wazee na wachungaji, cheti cha kifo cha wazazi kikiwepo, na hasa amri ya mahakama. Kanada ina nafasi ya kumdhamini mdogo wako, mpwa au mjukuu aliye yatima, asiye na ndoa, chini ya miaka 18. Nafasi hiyo ni ya yatima. Ukimwandika kuwa ni wako wa kuzaa, umemfunga nje.

Mnaona ninakozunguka? Mara nyingi tunaficha jambo ambalo sheria ilishalikubali, na tunahukumiwa kwa kuficha.

Tarehe za kuzaliwa. Nani hapa amezaliwa tarehe 1 Januari? Inueni. Ona! Hospitali za Congo zilikuwa na kazi siku hiyo.

Tunajua ilivyokuwa. Umefika mpakani, umechoka, karani anauliza mtoto alizaliwa lini, unasema mwaka fulani, wakati wa mahindi, naye anaandika 1 Januari. Nilimtafsiria mama mmoja ambaye mtoto wa kwanza aliandikwa 1 Januari 2009, na wa pili, aliyeandikishwa siku nyingine na karani mwingine, akaandikwa 1 Juni 2009. Ofisa alihesabu kwa vidole mbele yetu, taratibu, Januari, Februari, Machi. Akasema, "Mama, hii ni miezi mitano." Mama yule hakuwa mwongo. Hakuwahi kusoma kilichoandikwa juu ya watoto wake mwenyewe.

Aliyemwokoa ni nani? Kadi ya chanjo. Kadi ya zahanati, imechakaa, ina alama ya chai pembeni, alikuwa ameitunza ndani ya kopo la maziwa pamoja na risiti za shule. Ilionyesha mtoto wa pili alichomwa sindano ya kwanza mwaka 2010. Kadi ya chanjo, ndugu zangu! Tunazitupa mtoto akianza kutembea.

Rudini nyumbani leo mzisome karatasi zenu, herufi kwa herufi. Jeanne amekuwa Jane? Jina la baba limewekwa mbele kwa mtoto mmoja na nyuma kwa mwingine? Omba lirekebishwe sasa, wakati hakuna anayekuhoji. Sahihisho lililofanywa miaka mitatu kabla ya mahojiano linaonekana ni sahihisho. Likifanywa wiki moja kabla, linaonekana ni ujanja. Na watoto mliozaa hapa Uganda, wachukulieni cheti cha kuzaliwa kwa NIRA, mamlaka ya usajili ya Uganda. Hakiwapi uraia, lakini kinasema wazi mama ni nani na baba ni nani, na hilo ndilo mtakaloulizwa.

Risiti za pesa alizokutumia mumeo msizitupe. Picha za arusi, hata kama mmesimama mbele ya hema la turubai, zitunzeni, na nyuma ya kila picha andika tarehe na majina.

Sasa niwageukie vijana. Kuna binti wa miaka 19, alikuwa kambi ya Kyangwali. Mama yake ana grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, na alikuwa ameshamwombea kwa fomu I-130. Mwenye grinikadi anaweza kumwombea mume au mke, na watoto wasio na ndoa. Basi. Faili lilisubiri, mwaka wa kwanza, wa pili. Binti akapata mchumba, mtu mzuri, wazee wakakaa, mahari ikatoka, akaolewa. Alimpigia mama yake kwa furaha kumweleza. Mama yake akapiga magoti kule kule jikoni, kwa maelezo yake mwenyewe, kwa sababu alijua. Siku binti alipoolewa ombi lile lilikufa. Mwenye grinikadi hana fungu la mtoto mwenye ndoa. Itabidi mama awe raia kwanza, aombe upya, na foleni hiyo ni ya miaka mingi.

Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 2002 inayomlinda mtoto asipoteze nafasi kwa sababu tu alitimiza miaka 21 wakati faili liko mezani. Inalinda umri. Ndoa haiilindi. Kanada nako mtoto tegemezi ni yule aliye chini ya miaka 22 na asiye na mwenzi. Sisemi vijana wasioe. Nani ana haki ya kumwambia mtu asimamishe maisha yake miaka saba? Nasema kabla wazee hawajakaa kupokea mahari, mtu mmoja apige simu aulize: kuna faili lolote lenye jina la binti huyu?

Na wale mnaosema, "Kaka yangu yuko Marekani, aniite tu", sikilizeni. Mwenye grinikadi hawezi kumwombea kaka, dada wala mzazi. Ni raia tu, tena aliyetimiza miaka 21, na uraia huja baada ya miaka mitano hivi. Foleni ya kaka na dada hupita miaka kumi. Kanada, kaka na dada mtu mzima kwa kawaida hadhaminiwi kabisa kwa njia ya familia. Kwa hiyo ndugu yako anapokuambia "haiwezekani", usiharakishe kusema amebadilika, amekuwa Mzungu.

Hili la pesa nalo linatugombanisha sana, hasa sisi wa huku. Kijana mmoja alikuja kwangu na hasira. Kaka yake ana miaka sita nje na "hataki" kuwaleta wazazi. Nikaomba namba, tukapiga. Kule ilikuwa saa kumi alfajiri, kaka ametoka kiwandani anakokata kuku usiku. Akageuza simu atuonyeshe mikono: vidole havinyooki. Kisha akasoma hesabu yake. Mdhamini Marekani anatia sahihi fomu I-864, ahadi ya kumtunza anayekuja, na lazima kipato chake kifike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali, kwa kuhesabu kila kichwa nyumbani mwake pamoja na wanaokuja. Yeye ana mke na watoto wanne. Ongeza wazazi wawili, ni vichwa vinane. Alipungukiwa kidogo tu, na kila mwezi bado alikuwa anatutumia sisi.

Yule kijana alitazama chini. Tulimweleza kaka yake habari ya mdhamini mwenza, raia au mwenye grinikadi anayekubali kutia sahihi naye, hata kama si ndugu wa damu. Hakuwahi kuisikia. Sasa ameanza kuongea na watu wa kanisa lake.

Sahihi hiyo si ya mchezo. Ukimdhamini mke Marekani mkaachana, talaka haiifuti ahadi. Kanada, ahadi kwa mume au mke ni miaka 3, kwa mtoto inaweza kufika 10, kwa mzazi ni 20, ingawa Quebec ina hesabu yake. Uingereza, tangu Aprili 2024, anayemleta mwenzi kwa njia ya kawaida anatakiwa kuwa na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Mtu akikuahidi hayo, mheshimu.

Nije kwa mabroka, na hapa sitapunguza sauti.

Kuna baba wa Najjanankumbi aliuza bodaboda yake, ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba, akampa mtu aliyesema ana "sponsa wa Kanada, watu watano tayari". Utaratibu wa watu watano upo kweli. Ni raia au wakaazi wa kudumu watano, wanaokaa mji mmoja, wanaojifunga kumtunza mkimbizi kwa mwaka mmoja. Mkimbizi lazima awe na karatasi ya kutambuliwa kuwa mkimbizi. Na wadhamini hawaruhusiwi kumtoza mkimbizi pesa. Hawaruhusiwi! Kwa hiyo mtu akikuuzia sponsa, jua unachonunua hakipo sokoni. Tena Kanada ilisimamisha kupokea maombi mapya ya vikundi hivyo tarehe 29 Novemba 2024, na bodaboda ile iliuzwa baada ya tarehe hiyo. Huduma za UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, hazina bei, katika ngazi yoyote, kwa mtu yeyote. Mkitaka mtu wa sheria, Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere imekuwa ikiwasaidia wakimbizi bure tangu 1999. Nendeni kule kabla ya kwenda kwa broka mwenye koti.

Mmoja ataniuliza: dada, unatuambia tuandike majina wakati milango yote imefungwa? Ni kweli, siku hizi ni ngumu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Kuna watu walikuwa wameshagawa vyombo vyao, wameuza godoro, tiketi ikafutwa. Baadhi yao wamo humu, na ninawapa pole mbele ya wote. Septemba 2025 Uingereza nayo ilisimamisha maombi mapya ya wakimbizi wanaotaka kuunganishwa na familia. Sijui nani atafungua lini, na anayewaambia anajua anawadanganya.

Lakini mji huu umeyaona. Agosti 1972 Wahindi wa Uganda walipewa siku 90 waondoke. Kulikuwa na nyumba ambamo mke ana pasipoti ya Uingereza na mume hana uraia wa nchi yoyote. Mke na watoto wakapokewa Uingereza, mume akaishia kambini Austria au Italia. Mke na mume waliolala kitanda kimoja hapa Kampala! Hakuna aliyeuliza kama wanapendana. Karatasi zao ndizo zilizoulizwa. Baadaye milango ililegea, na waume wakaenda kwa wake zao.

Kaka yangu naye aliambiwa hapana, na miaka kadhaa baadaye mlango ukafunguka. Ulipofunguka, tulikuwa na nini mkononi? Tulikuwa na barua ya kwanza ya kukataliwa, tumeitunza. Tulikuwa na atestesheni ambayo niliomba binti aongezwe wiki ileile aliyoshuka basi. Ripoti za shule, kila muhula, zote zikiwa na jina moja kwa herufi zilezile. Risiti za pesa ya karo kutoka kwa baba yake, mwezi hadi mwezi. Tulijaza kila kitu kwa siku mbili.

Basi, nimemaliza kusema, tufanye kazi. Meza iko pale kando ya mlango, kalamu nimeleta, na vijana wawili wanaosoma Kiingereza vizuri watakaa nami mpaka jioni. Fungueni bahasha zenu. Tutaanza kwa kuandika majina tu, kila nyumba, walio hapa na wasio hapa, walio hai na ambao hatujui. Mama, wewe wa kitenge cha bluu, uliyeniuliza mlangoni kwa sauti ndogo juu ya mtoto aliyebaki Goma, njoo uwe wa kwanza. Anaitwa nani?